Ubao wa Mlangoni: Maisha ya Mama Apolonia wa Gongo la Mboto

Alizaliwa mwaka 1934 huko Mahenge, mtoto wa katekista, Apolonia huyu ambaye Kanisa halijamtangaza mtakatifu, wala sidhani kama wakubwa wana habari zake. Sisi wa jumuiya yake ndio tunaomwita hivyo, na atakayeona vibaya na aone. Hakuna anayesimulia kwamba siku ya kuzaliwa kwake kulionekana mwanga. Kulikuwa na mvua, basi. Alisomeshwa na masista, akaolewa na fundi wa reli, wakaja kujenga Gongo la Mboto. Miaka ya sabini, serikali ilipotaka kila mtu mzima ajue kusoma, alifundisha wafanyakazi kiwandani. Kisha mambo yakageuka. Mume alifariki, kiwanda kikafungwa mwaka 1991, naye akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Jiji zima likawa sokoni, huyu na mitumba, yule na mayai ya kuchemsha. Yeye akachoma vitumbua, na miguu ikaanza kuvimba.

Wito ulimjia Kwaresima ya mwaka uliofuata, parokia ilipopeleka sabuni katika gereza moja la pembezoni mwa jiji. Ilikuwa siku ya ndugu kutembelea. Mama Apolonia aliwatazama akina baba upande mmoja wa waya na watoto upande wa pili. “Umekula?” “Ndiyo.” “Shule je?” “Nzuri.” Halafu kimya, mpaka askari apige filimbi. Alirudi nyumbani amekasirika, akapiga magoti, akasema maneno ambayo jirani yake aliyasikia ukutani: “Bwana, mie nimechoka. Tafuta mwingine.” Jumatatu alikwenda kuomba kibali.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza na mzito kuutimiza. Jumatatu aliwafundisha wafungwa ukurasa mmoja. Alhamisi, barazani kwa kanisa, aliwafundisha watoto wao ukurasa uleule. Siku ya kutembelea, baba na mwana walisoma pamoja penye waya, na kwa mara ya kwanza wakawa na la kuzungumza. Wakristo na Waislamu walikaa benchi moja. Askari walimtania, “Bibi, hawa ukiwafundisha watatoka kughushi hundi!” Naye alijibu, “Basi watazighushi kwa mwandiko mzuri, afande.”

Mmoja tu alimshinda, Marselino, mpagazi wa zamani, aliyefungwa kwa kununua mali ya wizi. Binti yake Clara, wa darasa la tatu, mmoja wa watoto wa barazani, alikuwa amemletea kitabu penye waya, akamwambia, “Baba, nisomee.” Marselino alisema macho yanamuuma. Safari ya pili akasema hivyohivyo. Ya tatu hakutokea kabisa. Aliona heri mtoto amkose kuliko amjue kuwa hajui kusoma. Bibi Eufrazia, aliyekuwa akimlea Clara, alimwambia Mama Apolonia waziwazi: “Dada, nimechoka kumleta mtoto aje kutazama waya. Baada ya Pasaka ya mwakani namhamishia Songea, na habari ya baba yake iishe.”

Mama Apolonia alimsihi Marselino aingie darasani. Akakataa, akaomba kazi ya kufagia uwanja saa za somo. Hapo ndipo mwalimu wetu alipofanya jambo ambalo wote walilihesabu kuwa ni uzee. Aliuondoa ubao ukutani, akausimamisha nje ya mlango, ukitazama ndani na huku uwanjani pia ukionekana kwa ubavu. Akaanza kufundisha kwa kupaza sauti, silabi kwa silabi, kila neno akilivuta mwishoni kama alivyowasomea watoto, juani. Jamali, nyapara wa darasa, alilalamika, “Mwalimu, jua linatuingia machoni! Na mbona unatupigia kelele, sie viziwi?” Akajibu, “Vumilieni, wanangu.” Hakumtaja mtu. Uwanjani ufagio haukusimama, wala Marselino hakuinua uso.

Ilikwenda hivyo karibu mwaka mzima. Koo lilimharibika, vitumbua akashindwa kuvichoma, na Jumatatu nyingine alifika akiwa hana nguvu hata ya kuitikia shikamoo. Kwaresima ya 1994 aliangukia kitandani. Aliniambia mimi, niliyempelekea Ekaristi, “Katekista, yule wa nje sikumpata.” Nililia, sikuficha. Alifariki Jumatano Kuu.

Baada ya Pasaka, Bibi Eufrazia alimleta Clara kuaga. Nilikuwapo. Marselino alitokea, amekonda, akauliza, “Kitabu unacho?” Mtoto akaufunua ukurasa wa mwisho waliofundishwa, akaubandika kwenye waya. Yule bwana akavuta pumzi, akasoma kwa sauti kubwa kabisa, silabi kwa silabi, kila neno akilivuta mwishoni, mpaka askari wakageuka. Hakujua kwamba kuna namna nyingine ya kusoma. Clara alishika mdomo. “Bibi,” akasema, “baba anasoma kama Mwalimu!” Eufrazia alikaa chini palepale mavumbini. Songea walikwenda, lakini barua zilikwenda na kurudi mpaka Marselino alipotoka, naye akawafuata.

Huo ndio muujiza tulio nao, na mwenye mkubwa zaidi autoe. Ndugu mwamini, hata ukichoka kama alivyochoka yeye, mfuate. Gerezani kule darasa lingali lipo, na wageni huuliza kwa nini wanafunzi wapigwe jua. Jamali, aliyebaki kufundisha, huwajibu tu kwamba ubao wa hapa hukaa mlangoni, kisha humtazama anayefagia uwanja na kupaza sauti.