Baba Alipotaka Kujua Mwisho wa Kitabu

Usiku ule nilipanda kitandani na hasira zangu. Sikula, sikumuaga mtu, na taa niliizima kwa kofi.

Hasira zenyewe zilikuwa za vitabu. Tuna kikundi chetu cha wasomaji, tunakutana Jumamosi katika chumba cha maktaba ya mji. Mwanzo wa mwaka kila mtu alisimama akataja lengo lake. Wapo waliotaja vitabu vingi mpaka nikajiuliza hawa watapika saa ngapi. Mimi nikasema kimoja kila mwezi, na visiwe vya watoto. Wakanipigia makofi, makofi yale anayopigiwa mtoto akikubali kumeza dawa. Nikayapokea hivyo hivyo. Shule niliachia darasa la tatu. Nina mashine mbili za kukoboa mpunga hapa bonde la Kilombero, si za mume wala za urithi, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa elimu yangu.

Miezi ikaenda nami nikaenda nayo. Nasomea kwenye kibanda pale mashineni, kidole kwenye mstari, kwa sauti, maana bila sauti maneno hayaniingii. Wateja wamezoea. Wengine mchele wao umeshatoka, umeshafungwa, na bado wamekaa juu ya magunia wanataka kujua habari imefika wapi.

Sasa Jumamosi hiyo nilikwenda na kitabu kinene kuliko vyote nilivyowahi kushika. Habari za mjane anayegombania shamba na shemeji zake mahakamani. Kikundi kizima kimeinamia vitabu, kila mtu na chake, mimi nasoma kwa kunong'ona. Mwalimu Lihame, mwalimu mkuu mstaafu, ndiye mwenyekiti wetu. Akavua miwani.

"Bi Asumini, kusoma kwa mdomo ni mambo ya darasa la kwanza. Mtu mzima anasoma kwa macho."

"Mwalimu, macho yangu na mdomo wangu vinakaa kichwa kimoja."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema kuanzia siku ile kitabu kilichosomwa kwa kupayuka hakitaingia kwenye hesabu ya mwaka, na siku ya kufunga mwaka, kila mmoja atakaposimama kueleza aliyoyasoma, asiyeweza kusoma kimya asijisumbue kuinuka. Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyefungua mdomo kunitetea, hata wale waliocheka.

Nikajaribu hapo hapo. Nikabana midomo, nikautazama ukurasa mpaka macho yakatoa maji. Herufi zilikuwepo, habari haikuwepo. Nikafunga kitabu nikaondoka. Nyumbani nikamwambia binti yangu Zaituni, Jumatatu hiki kinarudi maktaba, mimi na vitabu basi.

"Afadhali mama," akasema. "Upumzike."

Ile afadhali yake ndiyo iliyonimaliza. Nikaingia kulala.

Nikajikuta niko mashineni. Mkanda unazunguka, mchele unamwagika mweupe, lakini mashine haina mlio. Nagonga bati, halilii. Naita, sauti haitoki. Nikatazama chini, sakafu ya saruji imekuwa miti iliyofungwa kwa kamba, na upepo unapita katikati ya miti. Hapo niko juu ya dungu, kile kichanja kirefu tulichokuwa tukipanda watoto kuamia ndege wasile mpunga. Mpunga umeiva pande zote mpaka unagusa mlima. Miguu yangu ni ya mtoto, ina tope lililokauka. Mikono ni hii hii ya leo, na imeshika kitabu.

Dungu lile nalijua. Baba ndiye aliyenipandisha. Mwaka ule kwelea kwelea walishuka bondeni kama moshi, akaja mpaka mlango wa darasa, akamwambia mwalimu, "Namtaka mwanangu, mpunga unakwisha." Akanishika mkono. Sikurudi tena shule.

Kazi ya dungu ni kelele. Unapiga debe, unatupa udongo kwa kombeo, unapiga ukelele mpaka koo linakauka. Wenzangu walipiga ukelele wowote uliowajia. Mimi nilipiga ule niliotoka nao darasani. Ba be bi bo bu! Ndege wanaruka. Cha che chi cho chu! Wanaruka. Asubuhi mpaka jua linazama, msimu baada ya msimu. Ndivyo herufi zilivyonikaa, zilipitia kooni, na mpaka leo hazijui njia nyingine.

Lakini ndotoni nimekumbuka amri ya Mwalimu Lihame. Nabana midomo. Nasoma kwa macho.

Ndege wanashuka. Mpunga wameuacha, wanatua kwenye ukurasa. Wanadonoa neno moja moja, haraka haraka, na walipodonoa karatasi inabaki nyeupe. Jina la mjane likaliwa. Hakimu akaliwa. Shamba lenyewe likaliwa, na mpaka wake na minazi yake. Nawaona, na midomo nimeibana.

"Mbona umenyamaza?"

Baba yuko chini ya dungu. Amevaa kaptula yake ya shamba na lile koti la mvua lililokatika mkono mmoja. Miguu yake ni misafi. Hapo nikajua namtazama marehemu, maana msimu wa mpunga baba yangu hakuwahi kuwa na miguu misafi.

Shikamoo ilifika kwenye meno nikairudisha. Kwetu tumefundishwa, marehemu akikupa chakula usipokee, na akikuambia twende usiinuke. Lakini kujibu swali nikaona si dhambi.

"Nimeambiwa ninyamaze."

"Na nani?"

"Na mwalimu."

"Ana shamba hapa?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa yeye ndege wanamhusu nini?"

Nikapanua mdomo. Nilisoma neno la kwanza lililobaki kwa ukelele wangu wa zamani, ule wa tumboni, na ndege wakaruka wote kwa pamoja mpaka jua likafichika. Maneno yanawadondoka midomoni. Yanarudi kwenye karatasi, moja hapa, moja pale, yanajipanga. Mjane karudi. Hakimu karudi, amekaa kwenye kiti chake. Nami nasoma, sisimami, na kila ninapomaliza ukurasa upepo unanifungulia mwingine.

Sijui tulishukaje. Tumo ndani ya mashine yangu, na baba ameketi juu ya gunia kama mteja, mikono kwenye magoti. Hakuwahi kuiona mashine hii akiwa hai. Anaitazama, anautazama mkanda, ananitazama mimi. Naendelea kusoma. Shemeji wameleta shahidi, mzee mmoja mnene, anasema anadhani mpaka wa shamba ulikuwa kwenye mto.

"Mwongo huyo," baba akasema.

"Umejuaje?"

"Anadhani! Mpaka haudhaniwi."

Nikacheka, naye akatabasamu kidogo. Nikasoma tena. Sijawahi kukaa na baba namna ile. Alipokuwa hai tulikaa kwa kazi tu, kupura, kupepeta, kubeba. Sasa amekaa bure, anasikiliza, na kila shemeji wa yule mjane anapofungua mdomo yeye anasonya.

Kisha akainuka.

"Jua limezama. Funga hicho. Twende."

Ukuta wa nyuma haupo. Kuna mto, maji yametulia, na ng'ambo wamesimama watu wengi wametupa mgongo. Kanga ya mama naitambua. Namtambua shangazi kwa vile anavyosimama ameegemea mguu mmoja. Baba amenyoosha mkono, mkono ule ule wa mlango wa darasa, na wallahi mguu wangu ulikwisha kuinuka. Ule mguu wa kitoto. Umezoea kumtii. Kitabu kimeanza kujifunga chenyewe kikiwa mkononi mwangu, na mimi niliyekwisha kusema sivitaki tena vitabu, nikakibana kidole katikati.

"Siendi."

"Nimekuja mwenyewe kukuchukua."

"Hata mara ile ulikuja mwenyewe. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni, nimesoma nusu, ukanishika mkono. Ile nusu ya pili mpaka leo sijui ilisema nini. Leo hunitoi, baba. Sijamaliza."

Watu wa ng'ambo wamegeuka. Maneno hayo baba nilimzika sijamwambia. Nilimuuguza nilipotakiwa kumuuguza, nikamlilia nilipotakiwa kumlilia, na maneno yakabaki. Sasa yametoka, na sauti yangu imevuka mto imegonga ng'ambo imerudi.

Baba akautazama mkono wake uliokuwa hewani.

"Ndege hawakukusubiri umalize," akasema. "Tungekufa njaa."

"Najua. Na bado siendi."

Mashine inazunguka bila mlio, mchele unaendelea kumwagika, unatufika vifundoni, nami sijautoa mguu wangu ulipo. Nilidhani atafoka, maana alikuwa mfokaji. Badala yake akarudi kwenye gunia, akaketi taratibu kama mtu anayeumwa kiuno.

"Yule mjane," akasema. "Shamba alilipata?"

"Sijafika huko. Ninyi si mnajua yote?"

"Tunajua yetu. Wa ukoo wetu wote waliopo kule hakuna hata mmoja ajuaye kusoma." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ukisoma kwa macho, sisi tunapata nini?"

Hilo neno lilinikaa kifuani kama jiwe la kusagia. Nikafungua kitabu pale nilipobana kidole, lakini yeye akainua mkono kunizuia.

"Basi. Ukimaliza, uje uniambie."

Kidogo niseme ndiyo. Kisha nikaona mtego. Baba yangu alikuwa mjanja maisha yake yote, aliuza ng'ombe kilema mnadani na mnunuzi akamshukuru. Uje uniambie! Nije wapi?

"Siji," nikamwambia. "Nitasoma huku huku. Wewe tega sikio."

Akacheka. Alicheka mpaka pengo lake likaonekana, lile la upande wa kushoto nililokuwa nimelisahau.

"Umekuwa mkaidi."

"Nimekuwa mtu mzima."

Akainuka, akapita ndani ya mto na maji hayakutikisika. Hakuniaga. Alipofika kati akageuka, akaweka kiganja nyuma ya sikio, namna alivyokuwa akifanya shambani akitaka nirudie nilichosema. Nami nikavuta pumzi nimsomee.

Nikaamka kwa sauti yangu mwenyewe. Nimekaa kitako, koo linawasha kama nimeshinda juu ya dungu, na kumeshapambazuka. Zaituni kasimama mlangoni, kanga kifuani, macho yamemtoka.

"Mama! Unamgombeza nani?"

"Babu yako."

Akaziba mdomo. "Alikuja? Amekuita?"

"Ameniita."

"Umemwitikia?"

"Nimemwambia siendi."

Akaanza kuzunguka chumbani. Tuite watu wasome dua. Tutoe sadaka. Leo usitoke nje. Na hiki kitabu, mama, mimi nakirudisha mwenyewe Jumatatu asubuhi, haya mambo ya kujitia usomaji uzeeni ndiyo yanakuletea wageni wa namna hii. Akakichukua mezani.

"Kirudishe hapo."

"Mama..."

"Zaituni. Dua soma, amina nitaitikia kwa moyo wote. Sadaka toa. Kitabu kiache."

Akakiweka. Ananijua.

Nikafungua dirisha la upande wa barabara, nikavaa miwani, nikasoma. Sikunong'ona. Jirani aliyekuwa anafagia uwanja akasimamisha ufagio, akauliza kwa sauti, "Bi Asumini, kwema huko?" Nikamwambia kwema, sikiliza kama unataka, na kama hutaki fagia. Zaituni alikaa kwenye ukingo wa kitanda akilia kidogo, kisha akaacha kulia, kisha akasema, "Huyo shahidi mbona kama anadanganya?"

Basi ujumbe niliotoka nao ng'ambo ndio huo, nisome kwa sauti wasiojua kusoma wasikie, nami naufikisha. Siku ya kufunga mwaka nitasimama. Sitaomba ruhusa. Mwalimu Lihame asipoviingiza vitabu vyangu kwenye hesabu, asiviingize, hesabu ni yake. Nitasimama nisome ukurasa mmoja kwa sauti ya shambani, wa chumba kile wasikie na wa ng'ambo wasikie, kwa sababu wao ndio walionituma.

Na kwa baba nina neno moja la ziada. Mwisho wa habari za yule mjane utaupata, nimeahidi. Lakini usivae koti kuja kunichukua. Siku nitakayokirudisha maktaba sitatoka mikono mitupu, nitaazima kingine, na baada ya hicho kingine. Tutaona nani atakayechoka kwanza, wewe kunisubiri au mimi kusoma.