Kambale Aliyeitwa Paluku

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, nikapewa ufagio. Nyumba ya kusikiliza watu, maison d'écoute kama tulivyoiita kule Butembo, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya parokia, na vumbi la barabara lilikuwa limeingia kabla yangu. Mama Responsable, mkubwa wangu wa kwanza, alisubiri nimalize kufagia ndipo akanifundisha kazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi.

"Mutu akiingia, usimuulize nini ilimufikia," aliniambia. "Umuulize kwabo banamuitaka nani. Ile ingine itakuya yenyewe."

Sisi Wanande tuna majina ya kufuatana. Mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi huitwa Paluku, wa pili Kambale, na kuendelea hivyo. Wasichana nao wana yao. Mtu akitaja jina, ameshakuonyesha kiti chake nyumbani, nani alimtangulia na nani anamfuata. Baadaye walikuja wataalamu na semina zao, wakatuchorea ubaoni duara nyingi na kuandika juu yake identité, yaani utambulisho wa mtu. Nilicheka kimoyomoyo. Kwangu jambo lilikuwa rahisi: unajijua kwa vile mama yako anavyokuita ukitokea mlangoni. Niliamini hivyo kabisa, na nilikuwa bado kijana.

Katika vita vya pili vya Kongo aliingia kijana aliyekonda, mabega yamechubuka. Nikamuuliza kwao wanamwita nani. Akasema Kambale, wa kijiji cha Alimbongo. Kisha akaeleza kwamba yeye na kaka yake mkubwa, Paluku, walikuwa barabarani na magunia ya viazi wakielekea sokoni, askari wakawakamata wawabebee mizigo mpaka porini upande wa Manguredjipa. Paluku aliugua njiani. Aliposhindwa kubeba, wakamuua. Kambale alilazimishwa kuendelea kutembea, hakumzika.

"Siwezi rudia nyumbani," alisema. "Mama ataniuliza: mukubwa yako umemuacha wapi? Nitajibu nini, mama?"

Katika kazi yetu kulikuwa na kitu tulichokiita accompagnement, yaani kumsindikiza mtu hadi kwao na kukaa naye wakati maneno mazito yanasemwa. Mama Responsable alinituma mimi. Njiani tulirudia maneno yake kama watoto wanaojiandaa na komunyo ya kwanza: nitaanza mimi, atamalizia yeye.

Hatukuyasema. Mama mtu alitoka jikoni, akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama vizuri. Ndugu wale walifanana, Kambale aliniambia baadaye, lakini si kiasi hicho.

"Paluku," akasema. "Paluku wangu, umerudia."

Kambale alinitazama. Mpaka leo nayaona macho yale. Sheria ya kazi ilikuwa kwamba msindikizaji hamjibii mtu aliyemsindikiza. Naye akajibu polepole, "Eee, mama."

Mama akamwandalia chakula, akamkwangulia ukoko wa chungu, kwa sababu Paluku alipenda ukoko. Kambale hakuupenda tangu utoto. Aliula wote. Jambo moja lilinishangaza, nikalibeba hadi Butembo: mama yule hakuuliza Kambale yuko wapi.

Nilitoa ripoti. Wakati huo Msimamizi wetu, bwana aliyesoma saikolojia Kisangani, alikuwa amekuja kutoka Beni. Alisema hilo linaitwa déni: moyo unakataa kile ambacho macho yameona. "Ni bugonjwa, dada. Musimulazimishe," alisema. "Kisha atajua. Lakini mumupatie wakati."

Nikamfikishia Kambale maneno hayo, tukampa mama wakati. Nikahamishwa Beni, kwenye ofisi ndogo karibu na soko, chini ya Chef d'antenne, mkuu wa tawi, aliyekuwa anapenda mikutano kuliko watu. Huko nilisikiliza mengi ambayo sitayaandika. Kila niliposhuka kusalimu Alimbongo, hali ilikuwa ile ile. Barabarani vijana walimwita Kambale, akageuka. Akivuka mlango wa mama yake, alikuwa Paluku. Alivaa koti la marehemu. Alikaa kwenye kiti cha marehemu. Matanga hayakufanywa kwa yeyote kati yao, maana nyumba ilikuwa na mtoto mmoja aliyerudi na mmoja asiyetajwa.

"Unachoka?" nilimuuliza siku moja.

"Ni bugonjwa, mama," alisema. "Mutu hapana kasirikia bugonjwa."

Maneno yale ya Msimamizi ndiyo yalimshikilia miaka yote. Nami nilishukuru kwamba ameyapata.

Niliporudishwa Butembo, mama mtu alikuwa amelazwa hospitalini, tumbo limemvimba. Nilimkuta Kambale anamlisha uji. Mama akamtuma maji ya moto. Kambale alipotoka, mama akanishika mkono.

"Ninajua ni Kambale," alisema. "Nilijua ile siku ya kwanza. Mutu hawezi kosa kujua mutoto wake."

Akanivuta karibu.

"Nikimuita Kambale, basi Paluku amekufa. Nilikuwa ninajiambia: kesho. Kesho nitamuita. Na kesho yake tena." Akapumzika kidogo. "Siku nitaenda, umuambie nilijua. Asifikiri mama yake alikuwa kichaa."

Nilimwomba amwambie mwenyewe, sasa hivi, akirudi na maji. Akageukia ukuta. Kambale alirudi, akasema, "Mama, maji ni hii." Naye akajibu, "Aksanti, Paluku." Alifariki juma lile.

Tulimzika Alimbongo katika baridi na ukungu. Watu walipopungua nilimwita Kambale kando, nikampa maneno ya mama yake jinsi alivyoyasema. Nilidhani ninamletea faraja. Nani asingefarijika kusikia kwamba mama yake hakuisahau sura yake?

Alisimama akitazama udongo mpya.

"Miaka yote nilisamehe bugonjwa," alisema. "Sasa nitasamehe nani?"

Nimestaafu sasa. Wasichana waliochukua kazi yetu wananitembelea wakiwa na vesti zenye nembo, wananiuliza ningefanya nini tofauti. Nawaambia ujumbe wa marehemu ningeufikisha tena, na ningelia tena. Wanataka nimalizie na neno la kuwatia moyo. Neno hilo sina. Naamini bado kwamba mtu hujijua kwa sauti inayomwita, ila zamani nilidhani jambo hilo linafurahisha.

Kambale ameoa. Mtoto wake wa kwanza ni wa kiume, kwa hiyo ukoo ulimwita Paluku kabla baba hajasema lolote. Mtoto anakimbia sasa. Mama yake anamwita Paluku, majirani wanamwita Paluku. Nilipokwenda mwaka huu nilimsikia baba yake akimwita ale. "Weye," alisema. "Weye, kuya ule."

Nikamwambia taratibu, "Kambale, mutoto anasikia."

"Ninajua, mama," alisema. "Nitamuita. Hapana leo."