Sifuri za Bondeni

Nesi wa zahanati ya bondeni walimwita Mama Nakala, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila ripoti aliiandika na karatasi ya kaboni chini yake: moja ya ofisi, moja ya kabati lake. Wenzake walimcheka wee, mpaka wakachoka. "Mali bila daftari hupotea bila habari," aliwajibu, "sembuse wagonjwa?"

Bondeni simu hazishiki mtandao. Ripoti zilipanda mlimani kila Ijumaa na dereva, hadi kwa karani wa takwimu, jamaa wa shati lililonyooka na mdomo mtamu. Walimwita Bwana Mashine, kwa kuwa ndiye aliyeilisha ile akili bandia ya kubashiri milipuko ya magonjwa. Inakula takwimu, inatoa ramani: pekundu, pelekeni dripu; kijani, msihangaike.

Masika yaliyopita bondeni palikuwa kijani. Kipindupindu kikaingia visimani, na dripu zote ziko mlimani, zimelala ndani ya maboksi. Mdogo wake Mama Nakala akafa akiomba maji, dada mtu amemshika mkono na hana cha kumpa. Mama Nakala hakulia. Alikasirika. Na hasira ya mpole, ndugu yangu, usiiombe ikukute.

Akapanda mlimani kuuliza. Mfagiaji wa ofisi akamnong'oneza, "Karatasi zenu, dada? Zipo chini ya meza yake. Hata kamba hazijafunguliwa." Mashine ilikataa kuendelea kisanduku cha idadi kikiachwa kitupu, basi bwana yule akajaza sifuri. Wiki sitini na moja, sifuri! Mashine nayo ikasadiki kwamba bondeni watu hawaugui. Mama Nakala akamshukuru mfagiaji, akarudi kwake, akasubiri.

Masika mengine yalipokaribia, daktari mkuu aliwaita manesi wote kwenye kikao. Bwana Mashine akaonyesha ramani ukutani. Bondeni, kijani kibichi. Mama Nakala akasimama.

"Bwana, masika yaliyopita, wiki ya tatu, bondeni waliugua wangapi?"

"Sifuri, dada."

"Wiki ya nne?"

"Sifuri."

Akamwendesha hivyo wiki kwa wiki, mpaka zikatimia kumi, na bwana yule anajibu huku anatabasamu, maskini, hajui anajichimbia kaburi. Kisha nesi akalibwaga faili lake mezani, puu!

"Mimi ninao mia mbili na kumi na wanne. Kumi na tisa nimewafunika uso kwa mikono hii."

"Si makusudi, dada yangu. Mtandao wenu..."

"Mtandao ndio uliokuzuia kufungua kamba?"

Daktari mkuu akataka kumfukuza kazi karani palepale. "Hapana," alisema Mama Nakala. "Nipeni mimi." Lo! Watu wakatazamana.

Siku tatu alimkalisha mbele ya kompyuta. Yeye anasoma, bwana anaandika. Kila wakifika kwa marehemu, anamtaka arudie umri kwa sauti. Kufikia wa tano bwana akaomba wapumzike kidogo, na nesi, sitaficha, alifurahi. Siku ya tatu jioni ramani ikabadilika, bondeni pakawa pekundu. Dripu na dawa ya kutibu maji zikashuka kabla ya tone la kwanza la mvua. Ugonjwa ulikuja, na hakuzikwa mtu.

Lakini hayakuishia hapo. Kwa ombi la nesi, ripoti za bondeni sasa anazifuata Bwana Mashine mwenyewe, kila Ijumaa, kwa miguu, na anapanga foleni nyuma ya mgonjwa wa mwisho. Ijumaa moja alifika matope magotini, akashindwa kuvumilia.

"Dada, nimekosa, nimekiri. Nitakuja hivi mpaka lini?"

Mama Nakala hakuinua macho.

"Mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini na tisa," alisema. "Mwaka ambao angestaafu, njoo tuzungumze. Sasa rudi kwenye foleni."