Skrini Iliyogeuzwa

Mwezi uliopita nilipanga foleni kwenye zahanati moja ya mtaa wa Dandora. Karani alikuwa akitusifia programu mpya ya kufungulia rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. "Hii hainunuliwi. Walioiunda wanaigawa bure, yeyote aitumie na aone ilivyoundwa," alisema. "Nikibonyeza hapa, namwona kila mtu."

Mama mmoja mbele yangu alilalamika kwamba amenyimwa dawa kwa sababu jina lake limekosewa.

"Haiwezekani, mama. Jionee mwenyewe," karani akajibu, akaigeuza skrini.

Kweli, herufi moja ilikuwa imekosewa. Lakini kando ya jina paliandikwa ule ugonjwa ambao huku mtaani tunautaja kwa kunong'ona, na sote tuliokuwa nyuma tuliusoma.

Mama akabandika kiganja juu ya kioo. "Geuza, tafadhali."

"Toa mkono basi nirekebishe jina."

Mwanamume aliyemfuata kwenye foleni akarudi nyuma kidogo. Mama akaondoka bila dawa, na mwisho wa mwezi nikasikia amehama, majirani hawajui alikokwenda.

Walioiunda programu hiyo walitaka kila mtu aweze kuona. Sidhani walimfikiria mama yule.