Mawe Meupe Ndani ya Tangi la Samaki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wakati Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ingali imetukalia shingoni. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka kwetu Maragoli, nikifanya kazi ya nyumbani kwa memsaab mmoja, Mzungu mjane aliyekuwa na shamba upande wa Bahati, karibu na Nakuru. Nivumilie nikienda polepole. Habari hii hunichosha kila nikiisimulia.

Sebuleni mlikuwa na tangi la kioo lenye samaki wadogo wekundu na majani ya majini, ambayo memsaab aliyapenda kuliko waridi zake za nje. Mimi nilisafisha kioo. Majani yalitunzwa na Njoroge, mtunza bustani, mtu mpole aliyeishi kwenye laini, ile safu ya vibanda vya wafanyakazi, na mkewe na watoto watatu.

Basi majani yakaanza kudumaa. Machipukizi yalitoka ya manjano, mishipa tu ikibaki kijani, na majani makuukuu yakashika ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Memsaab akaniita, akataka kujua nani ameyaharibu.

Mwanangu, majuma machache nyuma nilikuwa nimeokota mawe meupe ufukweni mwa ziwa Elementaita, nikayapanga ndani ya tangi ili nisifiwe. Sikujua kama ndiyo yaliyoleta balaa, lakini niliogopa kuyataja. Nikasema, "Labda Njoroge ametia mbolea."

Labda. Kweli ulimi hauna mfupa.

Njoroge alikana, tena kwa upole, lakini memsaab hakumsikiliza, akamfukuza. Siku hizo Mkikuyu kama yeye akifukuzwa shambani hakuachwa atafute kazi kwingine. Alipakiwa kwenye lori na jamaa yake, akapelekwa kule serikali ilikowatengea, hata kama hakuwa na kipande cha ardhi huko. Niliwaona wakipanda. Mkewe alibeba sufuria mbili na kuku mmoja. Njoroge aliniaga kwa mkono, maana hakujua nilichosema.

Majani yakazidi kuharibika. Ndipo mpishi wetu, Mzee Shivachi, akaniambia nimtolee jiwe moja. Akalidondoshea siki, na jiwe likatoa povu.

"Hii ni chokaa," akasema. "Maji ya kisima chetu yana chokaa tayari, birika linatuonyesha kila siku. Haya mawe yameongeza, na ikizidi huyanyima majani chakula. Nani aliyaweka?"

Nikasema ni mimi.

Hakunipigia kelele. Aliketi, akafuta mikono kwa aproni. "Majani tutayaponya," akasema. "Na Njoroge je?"

Tuliyatoa mawe yote. Kila siku tulipunguza maji ya kisima kidogo na kutia ya mvua yaliyotoka paani, taratibu, samaki wasishtuke, na chini ya changarawe tukaweka udongo mwekundu wa kuyalisha majani. Mwezi haukuisha kabla majani mapya hayajatoka, kijani kibichi. Mimi sikuweza kuyatazama.

Nilimweleza memsaab ukweli wote. Akasema ataandika barua serikalini Njoroge arudishwe. Kama aliiandika, sijui. Njoroge hakurudi. Baada ya uhuru nilimuulizia kule Bahati, nikamuulizia mjini Nakuru, lakini akina Njoroge ni wengi, na miguu yangu ikachoka kabla sijampata. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo nisikie, mwanangu. Kitu kikiharibika, uliza kwanza ni nini kimebadilika, kabla hujauliza ni nani. Anza na mikono yako mwenyewe. Na ukiwa na shaka, usiibandike jina la mtu, kwani huwezi kujua jina hilo limebeba watoto wangapi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyaficha yangu, yakamuumbua mwingine.

Mungu akupe macho ya kuliona kosa lako lingali dogo, na moyo wa kulisema mbele ya mwenye kukutisha. Na kila utakayefanya naye kazi, alale salama kwake kwa sababu wewe upo.