Chombo cha Angani cha Mzee Mageto

Mzee Mageto alitengeneza mitambo ya kukaushia chai kwa miaka thelathini na moja, na kiwandani walimjua kwa ubishi. Ukimwambia kitu ni kizima, anakuuliza kikiharibika utafanyaje. Alipostaafu alirudi kwenye shamba lake nje ya Sotik, linalopakana na letu, na ubishi akaja nao.

Mwaka jana mapafu ya mkewe, Kemuma, yalishindwa baada ya miaka mingi ya moshi wa kuni, na daktari akamrudisha nyumbani na mashine ya kumpa oksijeni. Mashine inatumia umeme, na stima ya huku tunaijua. Upepo ukivuma kidogo tu, imepotea, na Kemuma anabaki na pumzi za kubahatisha.

Siku hizohizo binti yao, Nyanchama, alimtumia babake kwenye simu habari za vyombo vinavyobeba watu hadi ng'ambo ya mwezi. Mzee alizisoma mpaka macho yakawa mekundu. Hakuvutiwa na mwezi. Alivutiwa na wale wanaounda chombo, maana wanaanza kwa kuuliza nini kitaharibika. Huko hakuna fundi wa kuitwa, na kurudi nyumbani ni siku kadhaa. Kompyuta inayoongoza ikishindwa, iko nyingine iliyoandikiwa maagizo tofauti, ili kosa moja lisiziangushe zote. Hewa ikivuja, kila mtu anavaa suti yake, nayo inampa hewa hadi wafike. Jua likitema miale mibaya, wanajibana katikati ya mizigo yao, mifuko ya chakula na maji inakuwa ukuta.

"Hawa ni watu wa akili, Chepkirui," aliniambia. "Hawa wangeweza kufanya kazi na mimi."

Hakusema yeye angeweza kufanya kazi nao.

Basi akaigeuza nyumba kuwa chombo. Stima ikikatika, betri inashika. Betri ikiisha, kuna mtungi wa oksijeni stoo, na spana yake imefungwa shingoni mwa mtungi. Mlangoni aliandika kwa chaki: Tahadhari kabla ya hatari. Kila Jumapili baada ya kanisa, mtungi uliletwa sebuleni, wageni wakaelezwa unavyofunguliwa, Kemuma akisikiliza kutoka kitandani. Kushika hakuruhusiwa.

"Mambo ya mitambo niachie, Mama Nyanchama," alimwambia.

Na kwa kuwa wezi hawachagui, aliifunga stoo kwa kufuli. Ufunguo ulikaa mfukoni mwake.

Jumanne moja asubuhi alipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia. Huku nyuma stima ikakatika. Betri ikashika, kama alivyopanga. Lori la kubeba majani likachelewa, naye akangoja. Saa sita betri ikaisha. Kemuma akampigia mumewe, na simu ya mzee ikalia hapohapo mezani, alipoiacha ikichaji kwa betri hiyohiyo. Mganga hajigangi. Akanipigia mimi. Hakuweza kusema neno. Nilisikia pumzi zake, nikachukua shoka.

Kufuli nililipiga mara nne. Nikauburuta mtungi hadi kitandani, kisha nikasimama kama mjinga, maana sikuwahi kuyasikiliza yale maelezo hata Jumapili moja. Kemuma alikuwa ameyasikiliza yote. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, lakini aliniongoza kwa kidole: spana hapa, zungusha huku, polepole. Niliogopa sana. Hewa ikaanza kuingia.

Mzee alirudi saa saba na kikapu kitupu.

"Nani amevunja stoo yangu?"

"Ni mimi."

Akaingia, akamwona mkewe na mtungi. Hakuhitaji kuelezwa. Aliuliza tu Kemuma alikaa bila hewa muda gani.

"Ni ule muda nilitoka kwangu mpaka hapa," nikamjibu, "na wa kuvunja hiyo kitu yako."

Alitoka akatembea hadi mlangoni pangu, akageuka, akarudi mbio akiitazama saa ya mkononi. Mzee wa miaka sitini na sita. Mbele ya stoo alisimama, akaendelea kuitazama saa, kama anayengoja nimalize kupiga kufuli.

Kisha akakaa kando ya kitanda.

"Dakika tisa," alisema. "Ni mimi nilikuwa nakuua, Mama Nyanchama."

Kemuma alivuta hewa mara mbili kabla ya kujibu.

"Lete hiyo spana," akasema. "Nataka kuufungua mtungi mimi mwenyewe."