Nilivyomsaka mwenye akaunti ya "Barazani" kwenye kompyuta yangu ya nyumbani

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, si cha rafiki wa rafiki. Chumvi sitaongeza, iliyomo inatosha. Anayetaka kucheka acheke, nyumbani kwangu wameshatangulia.

Mimi ni fundi friji, naishi Mabibo. Kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa kusoma, ukubwani. Nina desktop ya zamani pale sebuleni, na humo naandika kitabu cha ufundi wa friji kwa Kiswahili. Ni kazi ya miaka. Vijana wanaua compressor za watu kwa sababu maelezo yote yako kwa Kiingereza.

Kwa hiyo anayeigusa mashine ile amenigusa mimi.

Nyumbani tuko wanne. Mimi, mke wangu mama Rehema, binti yetu Rehema aliye chuo, na mama mkwe, Bi Mwanahawa, aliyekuja kutoka Kisarawe kutibiwa goti.

Hapa nieleze kidogo, kwa wale ambao kwao mambo haya yamekwisha.

Mama mkwe wangu ni mtu wa mila. Nikiingia sebuleni anajitanda kanga na kugeukia ukutani. Kiti changu hakalii. Chumba chetu hajawahi hata kukichungulia. Na hasemi nami moja kwa moja. Tunaweza kuwa wote sebuleni, mimi hapa, yeye pale, naye anamwambia mwanawe:

"Mwambie baba Rehema chai inapoa."

Nami namwambia mke wangu, "Mwambie mama ahsante, naiona."

Mke wangu anaendelea kuchambua mchicha. Hamwambii mtu kitu, maana wote tumesikia.

Sasa tuendelee.

Jumamosi moja asubuhi nikawasha mashine, baada ya wiki nzima ya kutoigusa kwa kubanwa na kazi. Siku zote pale pa kuingilia kuna jina langu peke yake. Siku hiyo yalikuwa mawili. Langu, na chini yake: BARAZANI. Pembeni kapicha ka ua.

Nikabonyeza. Ikadai password.

Mimi si mtu wa kukurupuka. Nilichomoa modem, nikapitisha antivirus. Haikuona kitu, jambo lililonitia wasiwasi zaidi, kwani niliwahi kusoma kwamba mdudu mjanja haonekani. Nikafungua kumbukumbu za mashine kuona nani anaingia na lini.

Barazani alikuwa anaingia baada ya adhuhuri na kutoka kabla ya alasiri. Yaani muda ambao mimi niko kazini.

Nikasema, huyu anaijua ratiba yangu.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Side, fundi wa Tandale aliyenibadilishia power supply. Nikamfuata. Akaniamkia vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, bisibisi mkononi.

"Mzee wangu, mie nikitaka kukuibia si ntabeba monita? Kitabu cha friji nampelekea nani?"

Niliumia kidogo, upande wa kitabu. Lakini hoja ilikuwa na mashiko. Nikamfuta kwenye orodha.

Jumapili baada ya chai nikaitisha kikao cha familia. Nikawaeleza kwa kirefu juu ya wadukuzi, namna wanavyoingia na namna wanavyokaa kimya. Rehema anatazama kucha zake. Mama Rehema anatazama dari. Mama mkwe amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Nikadhani ni goti.

Mara sauti ikatoka ndani ya kanga:

"Muulize baba Rehema, huyo mwizi kachukua nini?"

"Mwambie mama, bado hajachukua."

"Kavunja nini?"

"Mwambie hajavunja."

"Basi huyo si mwizi, huyo mgeni. Muulize, kwao mgeni anafukuzwa kabla hajala?"

Rehema akakimbilia jikoni. Kikao kikavunjika bila azimio.

Kuifuta akaunti kungekuwa rahisi, kwa kuwa mimi ndiye admin. Lakini ukifuta akaunti unafuta na ushahidi. Badala yake nikaingia kwenye folder zake. Zote tupu. Kitabu changu hakikuguswa. Kilichokuwemo ni kimoja tu: picha.

Picha ya kijana, nyeusi na nyeupe. Nywele za afro mpaka zimekosa nafasi. Suruali bugaluu, imetanuka chini. Kola ya shati kama mbawa za mwewe. Mkono kiunoni, anatabasamu kama mtu anayejua jambo usilolijua.

Nikasema, ndiye.

Mambo yakajipanga yenyewe kichwani. Nina binti yuko chuo. Mitindo ya zamani imerudi. Kijana mtanashati anaingia sebuleni kwangu mchana, nami niko chini ya friji la mtu nafukuzana na gesi.

Mtaniuliza kwa nini sikumwonesha mke wangu picha ile. Jibu ni kwamba mpelelezi haoneshi ushahidi kwa watuhumiwa.

Nikaenda stationery, nikaichapisha kubwa, nikampelekea mjumbe wetu wa mtaa. Mjumbe ni mtu wa vitendo. Aliitazama, akaisogeza mbali na macho, akairudisha.

"Macho ya kitapeli kabisa haya," akasema.

Akachukua kalamu nene, juu akaandika ANATAFUTWA, akaibandika kwenye ukuta wa duka lililo njia ya kwenda zahanati.

Hapo, wakuu, nilipaswa kujiuliza nani nyumbani kwangu anakwenda zahanati. Sikujiuliza.

Siku ya pili yake narudi kutoka kazini, namkuta mama mkwe sebuleni. Hakugeukia ukuta. Hakujitanda. Alikuwa ananitazama usoni, jambo ambalo halijatokea tangu nimwoe mwanawe.

"Mkwe wangu," akasema, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. "Marehemu alikukosea nini?"

Nikakaa. Nilipokaa ndipo nikagundua nimekalia mkeka wake.

Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Rehema, yule uliyembandika dukani ni baba."

Wakuu, marehemu baba mkwe nilimjua akiwa mzee. Upara, ndevu nyeupe, kofia ya mkono. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alikuwaga na nywele.

Habari yote nikaielewa hapo. Kwao Kisarawe, kila baada ya adhuhuri, wazee wale wawili walikaa barazani kucheza karata. Mzee alipofariki, bibi hakuzishika tena. Alipokuja kwangu, Rehema akamwonesha karata zilizomo kwenye kompyuta. Akazipenda, ila akagoma kuzichezea ndani ya akaunti yangu, kwa kuwa ina jina langu.

"Hicho chumba cha mkwe. Mie siingii."

Rehema akamwambia, basi bibi nakutengenezea baraza yako. Akaipiga kwa simu picha ya babu ya ujanani ambayo bibi alikuja nayo, akaiweka iwe ya kwanza kuonekana bibi akifungua. Kisha bibi akawaapisha wote. Aliona haya mimi nijue kwamba mchana anacheza karata na marehemu mumewe.

Nilitoka mbio kwa mjumbe. Akanizuia.

"Huwezi kuitoa sasa, mzee, kesi imeiva! Nina mashahidi. Mmoja kamwona juzi Manzese anapanda bodaboda. Mwingine anasema alimtapeli simu."

"Mjumbe, mtu huyu amefariki. Kaburini nimeshuka mimi mwenyewe."

Akafikiri kidogo.

"Basi ana pacha."

Niliibandua mwenyewe.

Njiani nilinunua doti ya kanga, nikachagua yenye maneno ya kuomba radhi, na nyumbani nikampa mke wangu ampelekee mama. Hatua nne tu kutoka nilipokaa. Nilikuwa naogopa kwamba atanijibu mwenyewe tena, kwa kuwa mama mkwe akishasema nawe uso kwa uso, ukwe umevunjika na wewe umebaki mpangaji.

Akaikunjua, akaisoma, akajitanda. Akageukia ukuta.

"Mwambie baba Rehema nimepokea."

Sijawahi kulifurahia neno "mwambie" kama siku ile.

"Na mwambie, ile picha aliyoichapisha imetoka vizuri kuliko ya kwangu. Ayakate yale maandishi, aitie fremu."

Sasa picha iko ukutani, juu ya kompyuta. Nami nikiwahi kurudi mchana, nakohoa kuanzia getini.

Wiki iliyopita Side alikuja kunibadilishia feni ya mashine. Ile picha ya dukani alikuwa ameiona. Akainua macho, akashtuka, akanivuta pembeni.

"Mzee! Si yule anayetafutwa huyu? Mbona mmemtundika?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka ndani ya kanga:

"Mwambie fundi, huyo keshapatikana. Yuko kwake."

Somo langu ni hili. Ukikuta akaunti usiyoijua kwenye kompyuta ya nyumbani, kabla ya antivirus waulize unaokula nao. Na kabla hujambandika mtu ukutani, hakikisha hukumwoa binti yake.

Sasa nawaomba msaada, maana jana nimepewa kazi nzito. Mama mkwe alimwambia mwanawe, nami nipo palepale:

"Muulize baba Rehema, kama kuna karata za kucheza wawili, kila mtu akiwa chumbani kwake."

Mwenye kuufahamu mchezo wa aina hiyo, mimi kwenye akaunti yangu na yeye Barazani, unaokubali kwenye mashine ya zamani, aniandikie hapa chini. Tafadhali uwe ambao mkwe anaweza kushindwa kwa heshima.